Nusu ya Nne

Gitaa nililinunua Kiboriloni siku ya mnada,
limelazwa kati ya mabegi na viatu vilivyopoteza wenzi.
"Lina ufa," nikamwambia muuzaji.
"Na wewe je?" akasema.
Nikalipa elfu arobaini.

Mwalimu wangu ana miaka kumi na tisa.
Anaitwa Nsia, anapiga besi kanisani.
Huja Jumanne saa kumi na moja, nikishafunga duka,
hukaa juu ya robota la vitambaa
akimenya karanga, akinisikiliza
kwa uso wa mteja anayekagua upindo.

"Unakimbia, baba."
Sijakimbia tangu darasa la saba.
"Unakimbia. Rudia."

Vidole havina kosa. Vinaijua sindano,
waya sita haziwezi kuvitisha.
Na mguu, jamani, mguu huu
umekanyaga cherehani miaka ishirini na sita:
majoho ya kwaya, sare za shule kila Januari,
kwaya tatu za Pasua zimeimba ndani ya mishono yangu
na mimi nimekaa benchi la nyuma, nikikagua mikono ya majoho.
Ila cherehani hukimbia penye mshono ulionyooka
na hunywea kwenye kona ya kola,
nami ndivyo nilivyo.
Penye wepesi nateleza.
Nikifika kodi ya F nakwama,
nachelewa nayo kama ninavyochelewa na ile ya duka,
wimbo mzima umesimama mlangoni, viatu mkononi,
ukinisubiri nitafute vidole.

Aprili. Mvua, kisha umeme ukakatika,
na simu ya Nsia iliyokuwa ikitugongea tik, tik
ikazimika kwa kukosa chaji.
Tukabaki na ndoo chini ya bati linalovuja.
"Fuata tone," akasema.
Nikafuata tone.
Mvua ikapungua, tone likasita,
nikasita nalo,
nikapiga polepole, polepole zaidi,
hadi wimbo ukasinzia katikati ya ubeti
tukacheka gizani, watu wazima wawili,
au tuseme mmoja na nusu, sijui nusu ni nani.

Hapo ndipo aliponiambia nihesabu kwa sauti.
"Mkono ushuke kwenye mo, upande kwenye ja.
Ushuke mbi, upande li.
Ta, chini. Tu, juu.
Namba hizi zilikatwa kwa kipimo cha mkono wako."

Moja. Mbili. Tatu. Ne.

"Hapo."
Hapo wapi?
"Umekula nusu ya nne."

Nikarudia, nikijisikiliza kama ninavyomsikiliza mwizi.
Kweli. Mkono ulikuwa umeruka juu
kabla haujashuka,
una haraka ya kuiwahi moja
utadhani moja itafungiwa geti.
"N," akasema Nsia. "Ulimi nyuma ya meno. Subiri.
Haina irabu ya kuegemea
lakini ni silabi, ina zamu yake.
Hata usipogusa waya, mkono ushuke."

Nikashusha mkono hewani, bila kugusa kitu.
N.
Ne.

Sasa nahesabu kila mahali.
Nahesabu nikivuka reli, nikipiga pasi, nikichanja kuni.
Jana nilimpima mama Aikande kiuno, nikasema,
"Thelathini na n... ne,"
akaniuliza kama nimeanza kigugumizi.
Nikamwambia hapana, mama, nalipa deni.
Akavuta tumbo ndani, akadhani namsema yeye.

Na Jumanne hii nilifika kwenye F kwa wakati.
Vidole vitatu na kile cha kwanza kimelala,
vyote vimetua pamoja, sauti ikatoka safi,
nikashangaa mno hata nikaikosa moja iliyofuata.

Nsia hakuinua macho kwenye karanga zake.
"Rudia," akasema.
Akanyamaza kidogo, kiasi cha nusu.
Hakusema nakimbia.