Tawi Mlangoni

Jumatatu nilihamisha kitufe.
Kilikuwa chini kulia, nikakipandisha juu,
nikakipaka kijani, nikajisifu
katika chumba changu cha kupanga, Cheyo,
feni ikitikisa kichwa kunikubalia.

Alhamisi wakapiga simu kutoka Sikonge:
asali ya watu imepotea.
Si ndoo. Ndoo zipo, zimejaa ghala.
Zilizopotea ni kilo.

Nikafika na vumbi hadi kwenye kope.
Kalunde, karani, hakunilaumu.
"Kaa hapo," akasema, "utazame."

Ndoo mizanini. Macho yake kwenye mshale,
mdomo wake kwa mwenye mali,
"Ishirini na mbili na nusu, mama Mlekwa,"
na kidole, chenyewe, bila kutumwa,
kikashuka chini kulia
palipokuwa HIFADHI,
pale mimi nilipoweka FUTA.

"Lakini niliweka tangazo!"
Maneno arobaini, na SAWA chini yake.
"Nililiona. Foleni ya watu kumi na saba.
Nikabonyeza sawa.
Kwani sawa maana yake si nipishe?"

Sikuwa na jibu.
Aliyekuwa nalo hakuwa akisema nami:
Msabila, mwenye ndoo tatu,
akimweleza mwenzake habari za kuhamisha mzinga.
"Ukiuhamisha usiku kimyakimya,
asubuhi nyuki wanatoka mbio kama jana,
jioni wanarudi palepale pa jana,
wanazunguka hewani, mlango hawauoni.
Wewe weka tawi mlangoni. La majani.
Nyuki ajigonge, ashtuke,
ageuke aitazame nyumba upya.
Siku tatu, unalitoa."

Usiku, nyumba ya wageni,
umeme ukienda ukirudi,
nilifuta maneno yangu arobaini.
Chini kulia nikaacha kivuli cha kitufe,
hakihifadhi, hakifuti;
ukikigusa kinasema tu: Nimehamia juu,
na mshale.
FUTA nikaipeleka mbali,
nikaitangulizia swali.

Asubuhi kidole cha Kalunde kikashuka kulekule,
kikajigonga.
Akacheka. Macho yakapanda.
Kufika ndoo ya tano
hakikushuka tena.

Siku tatu zimepita. Tawi sijalitoa.
Jumatatu Mihambo anarudi kutoka likizo,
na vidole vyake
bado vinakaa nyumba ya zamani.