Jumuiya, Chumba B4

Jina lilitusumbua tangu mwanzo.
Tulibandika karatasi mlangoni: Jumuiya ya Wahafidhina,
na mgeni wa kwanza, Likwata, kijana wa Nachingwea,
akaja na daftari jipya
kuuliza safari ya kuona tembo ni lini.
Nikamwambia keti.
Hapa tunahifadhi vitu visivyo na pembe.
Akacheka, akaketi, akabaki.
Leo ndiye mweka hazina,
mwenye kopo la shilingi elfu kumi na nne na mia saba.

Watu kumi na mmoja, Alhamisi saa kumi,
jengo la mwisho kabla ya mikorosho ya Naliendele.
Msimu wa kupuliza dawa, salfa huingia dirishani,
nasi twajadili kodi, ndoa na adabu
huku tukipiga chafya.

Wenzetu wa ukumbi mkubwa wana fulana, wana spika.
Wakisema mabadiliko, mabati yanaitikia.
Mimi nina swali tu:
kilichopo, nani alikihesabu kabla ya kukitupa?
Swali halipigiwi vigelegele.
Wananiita Bibi. Bibi wa miaka ishirini na mbili!
Nikipita kantini mtu hushika kiuno, hukohoa kizee:
Shikamoo, Bibi Somoe.
Marahaba, nasema.
Yangu hiyo, nimepewa, siirudishi.

Siasa yangu sikuitoa vitabuni.
Niliipata kwenye bati la biskuti, Kitangari,
mama alimoweka kila stakabadhi ya korosho,
kila kilo, kila mhuri uliofifia,
na baba mdogo akimcheka: unafuga karatasi?
Mwaka ule ghala lilipokana magunia tisa
bati likafunguliwa mezani kwa karani.
Hakuna aliyepaza sauti.
Karatasi ndiyo iliyosema.

Kisha ukaja uchaguzi wetu.
Rwechungura akasimama, shati limepigwa pasi,
kijana mwema, mwenye kutukopesha viti vyake vinne vya plastiki.
Akasema: mila zetu haziruhusu mwanamke kuongoza.
Zetu, nikamuuliza, za nani?
Kwa wazee wangu ukoo ulipita kwa mama,
shauri likizuka aliitwa kwanza mjomba,
na mwanamume akioa alihamia kwa wakwe, jembe begani.
Ukitaka turudi kwenye mila, twende,
ila safari ikianzia hapa Mtwara
utajikuta na begi lako
kwenye ua wa mama mkwe, unasubiri kuonyeshwa pa kulala.

Chumba kizima kilicheka.
Yeye hakucheka.
Akatoka, na watatu wakamfuata.

Usiku ule sikulala kama mshindi.
Kumi na mmoja, toa wanne.
Na tena, mimi nani wa kutamba na mila?
Nilichezwa unyago nikiwa na miaka kumi na miwili.
Mengine niliyofundishwa mle nayashika mpaka leo.
Mengine nayakumbuka
na siyatetei, wala sijawahi kuyataja B4.
Anayetunza bati, je,
anaruhusiwa kuchoma karatasi moja?

Alhamisi iliyofuata nikafungua daftari.
Nikaandika: Waliohudhuria.
Rwechungura akatokea mlangoni.
Nimefuata viti vyangu.
Kimoja kilikuwa kimekaliwa na Likwata,
anahesabu sarafu, hakuinuka,
wala hakuinua macho.
Tulikuwa kwenye ushuru wa korosho.
Mtu akataja asilimia, akakosea,
na sauti kutoka mlangoni ikamsahihisha.
Kisha ikaongeza hoja. Kisha nyingine,
mgongo umeegemea fremu,
mguu mmoja ndani, mwingine kwenye salfa.

Saa kumi na mbili kasoro, umeme ukakatika.
Sikuandika saba. Nane sikuandika.
Nafasi ile iko wazi mpaka leo,
na viti vyake vinne bado viko kwetu.