Sentimita Kumi na Saba

Mtoto hachagui mama, naambiwa,
lakini mimi leo niko Kisumu, orofa ya pili,
juu ya duka la vitambaa vya sare za shule,
nimeinamia kaunta ya Ogweno
nachagua bodi mama.

Nimekuja na kisanduku kwapani.
Shiundu, seremala wa Kibuye, alinichongea
kwa kipande cha mvule kilichosalia
jeneza la mtu mfupi lilipokamilika.
"Hakuna kinachopotea," alisema, akipuliza vumbi la msumeno.
Nilimwambia: ndani, kumi na saba kwa kumi na saba,
na nafasi ya kidole kila upande.
Hakuuliza kidole cha nani.

Chumba changu Manyatta ni futi kumi kwa kumi:
kitanda, jiko la gesi, ndoo tatu,
maikrofoni iliyovishwa soksi,
na meza ambayo ikibeba kompyuta kubwa
haibebi sahani.
Hapo ndipo ninapokata na kuunga sauti za watu,
matangazo ya vifo hasa, ya redio;
nakwangua kikohozi, naacha pumzi.
Nataka mashine ndogo, kimya,
isiyonguruma jina la marehemu likitajwa.

Ogweno anapanga bodi tatu juu ya gazeti.
Ya kwanza ina vitaa kama ukumbi wa harusi;
bei yake siisomi mara mbili.
Ya pili ina nafasi moja tu ya kumbukumbu,
na kidole kimoja hakivunji chawa.
Ya tatu imetoka kwenye ofisi iliyofungwa,
sijui Dubai, sijui Nakuru.
Nafasi mbili. Mashimo manne ya pembeni
yanalala sawasawa juu ya skrubu za Shiundu.

"Chema chajiuza," nasema.
Basi mbona kimekaa hapa tangu Pasaka?
Ogweno anatazama dari.

Naomba tochi.
Ndani ya soketi, pini mia na mia,
zote zimeinamia upande mmoja
kama mpunga wa Ahero upepo ukipita.
Moja tu imelala kinyume.

"Na haina wifi," anaongeza taratibu,
akilitamka vile vile lilivyoandikwa,
nami nacheka hadi cherehani ya chini inasita.
Wifi ninaye, Ogweno. Anaitwa Akumu.
Ndiye aliyenikopesha elfu saba
akaniapisha nisilete nyumbani kitu
kitakachodai kitu kingine.

Nahesabu.
Waya wa mtandao utapita dirishani.
Kadi ya michoro, siihitaji, sichori.
Diski ninayo, ya zamani, ina maombolezo ya miaka minne.
Inabaki pini.

Nashuka kuazima sindano kwa mshonaji.
Ananipa nyembamba kuliko zote,
ananifuata ngazini aone ninachokishona.
Ogweno anashika tochi, mkono wake unatetemeka kuliko wangu.
Mimi, ninayelipwa kuacha pumzi za wengine,
nazuia yangu.
Nasukuma kidogo.
Kidogo tena.

Sijui kama imenyooka au imenionea haya.
Kwa macho, imerudi shambani na wenzake.
Ogweno anatoa mia tano kwenye bei
na kusema hakuna kurudisha,
maneno yote mawili kwa pumzi moja.

Tunaijaribu bodi kisandukuni pale pale kaunta.
Inaingia. Inatulia.
Mshonaji anasema "ehe," kana kwamba ni yeye aliyeikata.
Ndipo Ogweno anaweka feni juu yake,
nami nafunga mfuniko,
na mfuniko unakataa:
milimita nne, unene wa kifungo cha shati.
Urefu sikuupima. Nilipima upana kwa upana
kama mtu anayenunua mkeka.

Kesho nitarudi Kibuye anipandishie kuta.
Shiundu ataweka penseli nyuma ya sikio,
atazunguka kisanduku mara moja, mara mbili,
na najua atauliza, bila kutabasamu,
kama marehemu amerefuka.