Mteremko wa Riat

Kupanda Riat ni kulipa.
Tarakimu kwenye skrini zinapukutika,
sitini na moja, hamsini na nne,
kama pesa wiki ya karo.

Kiboswa nafunga mikungu mitatu ya Mama Apondi,
nageuza, naachia mafuta
(mafuta gani, na hii ni ya umeme).
Mota iliyokuwa ikisukuma gurudumu
sasa inasukumwa nalo;
inaguna, inakaza, inanivuta shati,
na mwendo unaingia betrini
badala ya kuteketea kwenye breki.
Hata ndizi, kwa uzito wao, zinalipa nauli.

Haurudi wote. Upepo una sehemu yake, lami ina yake.
Nikitoa saba, naokota mbili.

Wiki ya kwanza nilichaji huko juu hadi mia,
nikateremka nikitegemea ule mkono wa mgongoni.
Haukuja.
Mtungi uliojaa utie wapi maji?
Nilikanyaga breki ya kawaida hadi Mamboleo,
moyo mdomoni, chuma kikinuka.

Siku hizi naacha nafasi.
Kondele, taa nyekundu: hamsini na sita.
Nacheka peke yangu ndani ya helmeti.