Jedwali la Saba

Tone moja kila nikivuta pumzi.
Nimehesabu, nimelala kifudifudi juu ya mbao za ngama,
tochi mdomoni, shavu kwenye bomba lililopoa,
na Msellem juu gatini ananihimiza:
"Ni tone tu, Mwanakombo! Lifunge mpira twende,
meli ya ngano yangoja mboga na mikate,
mpishi wao ashapiga simu mara tatu."

Tone halina haraka.
Lachomoza nisikokuona, lapita chini ya paipu,
laning'inia kwenye bolti isiyo na hatia
kisha ladondoka, kana kwamba limezaliwa pale.
Mgeni wa kazi angeibadilisha ile bolti.
Mimi nalipokea kidoleni, nalionja.
Likiwa tamutamu ni dawa ya rejeta, tema upesi,
ugonjwa uko ndani.
Likiwa na chumvi, ni maji haya haya ya Mtongwe
yaliyoingia kwa mlango wake kupoza chuma
na sasa yatokea dirishani.

Chumvi.

"Kitsao, lete spana ya kumi na mbili,
na kitambaa. Si hicho. Kikavu."
Kijana ana miezi minne nami, bado aamini
kwamba injini hupona kwa kukazwa.
Namwonyesha mstari mweupe ukingoni mwa kifuniko cha kipozeo,
mwembamba kama uzi wa kushonea kofia.
Fuata huu, namwambia, usifuate maji.
Maji hudanganya. Chumvi huacha anwani.

Bolti sita. Ya tano yakataa,
naipaka mafuta, naigonga, naibembeleza
kwa maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya mama mkwe,
yalia kidogo, yaja.
Kifuniko chabanduka na harufu ya chaza,
na pale, baina ya shaba na shaba,
gasketi imechanika kwenye tundu la tatu.

Si karatasi ya dukani.
Ni jalada la daftari, la nyuma, lile lenye jedwali la kuzidisha.
Limelowa, limesawijika, ila bado lasomeka:
saba mara sita, arubaini na mbili,
saba mara saba, arubaini na tisa,
saba mara nane,
na hapo ndipo palipochanika. Jibu limekwenda na maji.

Kitsao acheka hadi spana yamponyoka.
"Fundi gani huyu, mama,
wa kuziba injini kwa hesabu za watoto?"

Nazima tochi.

Daftari lilikuwa la Famau wangu, darasa la nne.
Ilikuwa jioni ya kuamkia Idi,
maduka ya vipuri ya Mwembe Tayari yamefunga milango,
nami nataka pesa ya nyama na ya kanzu yake.
Nilikata kwa wembe. Tundu la tatu likaenda kando.
Nililiona,
nikakaza kwa nguvu ili nisilione.
Miezi kumi na mmoja kadibodi ile imeshikilia,
maskini, kazi isiyokuwa yake.

"Fundi ni mimi," namwambia.
Kicheko chaishia njiani.

Karatasi nzito sasa, ya kazi. Nailaza juu ya kifuniko,
naigonga ukingoni kwa nyundo ndogo, ta, ta, ta,
mpaka umbo lajichora lenyewe.
Tundu la tatu nalitoboa kwanza.
Twakaza kwa msalaba: hii, kisha ile inayoikabili,
kidogo, tena kidogo. Kitsao ndiye mwenye spana.
Sisemi kitu. Mkono wake wajua kuacha.

Injini yaguruma, yatema maji ubavuni.
Twatandika kitambaa chini ya kifuniko
nami nahesabu pumzi, hadi hamsini na sita.
Kikavu.

Msellem anyoosha noti. Nairudisha.
"Hutaki pesa, wataka nini?"
"Nilishalipwa. Kabla ya Idi."
Hana muda wa kuelewa. Sukuma wiki yanyauka,
maji yanaanza kupwa, simu yalia mara ya nne.