Kilo za Senti

Karafuu za mwaka huu zimekwisha kuondoka,
mizani ya kituo cha Mgagadu imebaki na njaa.
Ndipo kamati ya resi iliponijia:
"Karani, tupimie punda."
Idd Pili, kutoka kituoni hadi darajani na kurudi,
na punda mzito abebeshwe mchanga zaidi
ili mwepesi naye apate haki yake.

Haki.
Neno hilo mimi hulisikia sana mbele ya mizani,
hasa kwa mwenye gunia bichi.

Nikawapima Ijumaa tatu, baada ya sala.
Jabali wa Mjaka Ngwali: mia na sitini na moja,
mia na sitini na mbili, mia na sitini na moja.
Jiwe la kupimia lenye masikio.
Senti, punda jike wa Bi Tumu Khatib:
mia na thalathini na tisa, mia na thalathini na nane,
kisha, Ijumaa ya tatu, mia na thalathini.

Mji ukagawika.
Kapungua, kawa mwepesi, huyo atapaa!
Kapungua, basi mgonjwa, mtoeni.
Mjaka akadai Jabali naye apunguziwe mchanga.
Kilo nane tu, na watu wazima
nusura washikane kanzu zao za Idd kabla hazijavaliwa.

Mimi nazijua kilo zinavyosema uongo.
Miaka kumi na tisa nimesimama hapa
nikiona ratili zilizozaliwa usiku kwa kopo la maji.
Gunia nalipima, ndiyo,
lakini kwanza natia mkono hadi kiwikoni,
nakoroga, nasikiliza:
karafuu kavu hucheka, mbichi hunyamaza.
Bei hukaa kwenye mizani.
Mengine yote hukaa vidoleni.

Nami ningali nawaza hayo, Senti akanyanyua mkia,
akakojoa juu ya jukwaa, taratibu, bila ya haya,
na mshale ukashuka sheha mwenyewe akiutazama:
mia na ishirini na nane.
"Haya," akasema Bi Tumu, "kashazidi kuwa hodari."

Nikamvuta pembeni. Kanywa leo?
"Mfereji umekatika tangu Jumatano.
Twenda kisimani safari sita kwa siku.
Yangu huyaleta yote. Yake..."
Akaupangusa mdomo wa mnyama kwa ncha ya kanga,
hakuimaliza.
Nikatia mkono mbavuni kwa Senti.
Mbavu zilikuwa mahali pake. Ngozi niliyoibana
ilichelewa kidogo kurudi.
Daftari langu halina safu ya hilo.

Basi uzito una maana, au hauna?
Wananiuliza hadi leo barazani, kahawa ikipoa.
Unayo. Ila usimlinganishe Senti na Jabali;
mlinganishe na Senti wa Ijumaa iliyopita,
kisha uulize wiki ile ilipita vipi.
Kilo ni swali, nasi tunaikamata kama jibu.

Siku ya resi Senti aliongoza hadi darajani.
Pale akasikia maji chini.
Akateremka na mpandaji, na mchanga, na matumaini ya nusu ya mji,
akainamisha kichwa, akanywa
kama mtu anayesoma barua ndefu.
Jabali akampita kwa mwendo uleule wa namba zake.
Lakini aliyeshinda alikuwa punda wa Chokocho,
kafika asubuhi ile ile, hakupimwa na mtu,
mchanga wake tulikisia kwa macho.

Jioni nikafungua daftari.
Chini ya uzito wa Senti sikuandika kitu.
Kwenye safu ya unyevu, ambayo ni ya karafuu,
nikaandika: kisima, safari sita.

Na shairi hili, utaona, halina mizani.
Nimeiacha kituoni, imefunikwa gunia,
mpaka msimu.