Somo la Dawa, Kidato cha Pili

Mwalimu Mkuu alinipa dakika arobaini
na chaki mbili, moja imevunjika.
Mimi si mwalimu. Nauza dawa Ngamiani,
Barabara ya Kumi na Tatu, kwa koti jeupe
na vidole vilivyozoea kuhesabu viwili viwili.

Nikaandika ubaoni: DAWA.
Nikauliza, mnazijua ngapi?
Wakanimiminia: ya meno, ya viatu,
ya mbu, ya panya, ya minyoo,
dawa ya moto ni moto,
dawa ya deni kulipa.
Nyuma kabisa, dirishani, mmoja akanong'ona,
"Ya kulevya,"
darasa likacheka
kicheko cha watu wanaoijua njia.

Nikamwaga mfuko wangu mezani.
Panado. Chupa ya kikohozi. Kopo tupu la bia.
Sigara moja niliyonunua getini kwenu
kwa muuza karanga.
Pakiti ya tramado, vidonge kumi.
Nikasema: pangeni. Halali huku, haramu kule.

Wakabishana mpaka kamasi.
Bia ina leseni, lakini wewe una miaka kumi na mitano!
Bangi je? akauliza wa dirishani, maana sikuileta.
Ni jani tu, Mungu kaliotesha.
Nikamwambia, na upupu kauotesha,
mbona hujipaki?

Tatu Semboja akaishika tramado kwa ncha za vidole
kama anayeokota mjusi mfu.
"Hii ikae wapi?
Bibi alipewa Bombo alipovunjika nyonga.
Makuli nao wanaimeza
ili mgongo usiongee.
Kidonge ni hichohicho."

Weka katikati, nikasema.
Sheria itauliza nani kakuandikia.
Ini halijui kusoma cheti.

Unga sikuwaletea.
Mama yangu alikuwa anapika maandazi,
unga kwetu ulikuwa wa ngano, debe zima chini ya kitanda,
hadi ukafika mwaka ambao mama akisema
"Unga umeisha,"
kaka yangu Mbaruku anashtuka kuliko yeye.

Hili sikupanga kulisema.
Aliteguka bega uwanjani, akaja dukani analia.
Nikampa vinne, bila cheti, kwa huruma.
Wiki ya pili, vinne vingine.
Wiki ya sita hakuomba;
alishaijua droo.
Fundi wa bao yule, aliyekumbuka kete zote
shimo kwa shimo,
akaja kuijua kete moja tu,
ya karatasi.

Darasa kimya. Hata dirisha kimya.
Sasa hivi, nikasema, kila siku saa moja asubuhi
yuko foleni Bombo. Anakunywa kikombe cha methadoni
mbele ya nesi, kisha anafumbua mdomo
kama mtoto, aonekane kameza.
Juzi alikula maandazi matano. Mama akayahesabu, akalia.

"Nayo hiyo," akasema Tatu taratibu,
"ikae wapi?"

Kengele ikagonga kabla sijamjibu.
Wakanizunguka, madaftari, mikono, asante dada,
na nilipokusanya vitu vyangu nikahesabu kwa mazoea.
Vidonge vinane.

Mara ya pili maishani
nimeiacha droo wazi.

Sikumwita Mwalimu Mkuu. Fimbo ingempata mmoja,
vidonge vingebaki mfukoni kwa mwingine.
Nikarudi ubaoni. Neno DAWA sikulifuta.
Chini yake nikaandika jina la duka,
mtaa, na saa ninazofungua.

Leo asubuhi, chini ya mlango,
nimekuta karatasi ya daftari la hesabu
imekunjwa ndogo, kama kete,
imelowa jasho la kiganja.
Ndani, kidonge kimoja.

Nimefungua mapema.
Nimekaa kaunta, nauangalia mlango,
nasubiri cha pili.